Siku moja maishani mwangu: kuhariri picha za ukungu wa usiku, Limuru

Saa 2:00 asubuhi. Skrini inawashwa kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu inahitaji kama nusu saa ipate joto ndipo rangi zake zitulie. Mapazia yanafungwa. Mwangaza wa skrini naushusha hadi kandela (kipimo cha mwangaza) 100 hivi kwa mita ya mraba, weupe wake D65, yaani kiwango cha weupe wa mwanga wa mchana. Ukihariri picha ya usiku kwenye skrini inayong'aa kama ilivyotoka dukani, utaona mwanga unatosha, kumbe mteja atapokea giza.

Picha za leo ni za Limuru, Kenya, mwezi wa Julai, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, msimu ambao ukungu hukaa chini usiku kucha. Taa zilizomo ni za aina tatu: sodiamu za barabarani zenye mwanga wa manjano, mulika mwizi (taa ya mlingoti mrefu) ya LED juu ya soko, na taa za mbele za matatu. Pembeni kuna jiko la mahindi choma lenye makaa mekundu.

Saa 2:30. Kadi inanakiliwa kwenye diski mbili, halafu naanza kuchambua. Natazama kwa ukubwa wa asilimia 100, na jambo la kwanza ninalotafuta ni umande kwenye lenzi. Ukungu wa kweli huzidi kadiri kitu kilivyo mbali: taa ya karibu ina duara dogo la mwanga, ya mbali ina duara pana lililofifia. Lenzi ikishika umande, kila kitu hung'aa ovyo kwa kiasi kilekile, hata bango lililo mita tatu kutoka kwa kamera. Picha ya namna hiyo haitengenezeki, iondoe mapema.

Kisha naangalia kasi ya shata, yaani muda ambao kamera iliachia mwanga uingie. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ya sodiamu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Picha za 1/50 au 1/100 ya sekunde zinafanana. Zile za 1/250 kila moja ina mwanga wake na rangi yake, na ukinakili marekebisho ya moja kwenda nyingine hayakai.

Saa 4:00. Mizani ya weupe, yaani kuamua rangi ipi ihesabiwe nyeupe. Hapa ndipo muda mwingi wa siku unapokwenda, na ndipo picha hupona au kufa.

Taa ya sodiamu ya shinikizo kubwa iko karibu na Kelvin 2,100 (kipimo cha rangi ya mwanga; ikiwa ndogo, mwanga ni wa manjano zaidi). Ukibonyeza kidoti cha kuchagua weupe juu ya ukungu, programu itatii: ukungu utageuka kijivu, mulika mwizi itakuwa buluu kali, na ule usiku wa Limuru utakuwa umepotea. Tena kuna gharama nyingine. Mwanga wa sodiamu una buluu kidogo mno, hivyo chaneli ya buluu (sehemu ya picha inayobeba rangi hiyo) kwenye faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijachakatwa, karibu ni tupu. Ili kuufanya ukungu uwe mweupe, programu huikuza chaneli hiyo mara kadhaa, pamoja na chenga zake zote, vile vidoti vya ovyo vya picha za gizani. Ndiyo maana mabaka ya zambarau hujaa vivulini.

Mimi huacha mizani kati ya Kelvin 2,700 na 3,000. Manjano yanabaki, ila hayaungui. Halafu napunguza ukolezi wa rangi ya chungwa kwa 10 hadi 20. Nafungua maski (eneo lililotengwa kuhaririwa) ya mulika mwizi peke yake na kuipasha joto kidogo, mpaka weupe wake ukubaliane na jirani zake. Makaa ya jiko siyagusi kabisa. Jicho huyatumia kupima rangi nyingine zote.

Chaneli nyekundu nayo ni ya kuchunga. Histogramu ya kamera (grafu ya mgawanyo wa mwangaza) huchorwa kutokana na JPEG ya ndani, si faili ghafi, kwa hiyo nyekundu inaweza kuwa imejaa hadi kumwagika huku kamera ikionyesha kwamba mambo ni salama. Dalili yake ni kiini cha duara la taa kuwa cha manjano bapa, hakina daraja za mwanga. Shusha sehemu angavu kwa 40 hadi 60; isiporudi, haimo kwenye faili.

Saa 6:30 mchana. Kontrasti. Histogramu ya ukungu hujikusanya katikati kama kilima, na kishawishi ni kuivuta hadi pembe zote mbili. Usivute. Weusi kamili unafaa vitu vya karibu tu: nguzo ya kibanda, koti la muuza mahindi. Vya nyuma vibaki kijivu, la sivyo kina cha picha kinakufa. Kitelezi cha kuondoa ukungu ndicho kimeharibu picha nyingi zaidi za aina hii. Huzidisha chenga, hukoleza manjano, na huzungushia kila taa pete nyeusi. Kwa picha nzima naweka sifuri, wakati mwingine hasi 5. Kwa mtu wa mbele, kupitia maski, 8 inatosha.

Saa 8:30. Chenga. Zile za rangi naondoa bila huruma, za mwangaza naziacha nusu. Ukungu uliosafishwa kupita kiasi huwa laini kama plastiki na huanza kuonyesha mistari.

Saa 10:00 alasiri. Kutoa picha. Kazi yote imefanyika kwenye biti 16, lakini JPEG ina biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila chaneli. Mteremko mpole wa ukungu hukatika vipande hapo. Naongeza punje (chembe kama za filamu) za 12 hadi 15, zinavunja mistari hiyo, kisha natoa kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, ubora wa 90. Kwa kuchapa sentimita 30 kwa 45 kwenye nukta 300 kwa inchi zinahitajika pikseli 3,543 kwa 5,315, na kamera ya megapikseli 24 inatosha bila kukuza.

Saa 11:00 jioni. Jaribio la mwisho ni simu ya kawaida, mwangaza nusu. Mistari ikionekana angani, narudi kuongeza punje. Mteja anayetaka kwa WhatsApp namtumia kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa upya na mistari yote hurudi.