Zana za bure za filamu mtandaoni, na mahali zinapokwama

Filamu nzima, kuanzia mswada mpaka faili la kuoneshwa ukumbini, yaweza kutengenezwa kwa programu za bure. Wengi huangushwa na mambo madogo ambayo ukurasa wa kupakulia hauyataji, na ndiyo hayo tunayotaka yajulikane.

Mswada hauna ugumu. Programu ya Trelby inatosha, au andika kwa mtindo wa Fountain, ambao ni maandishi matupu yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote.

Kwa uhariri, tungemshauri yeyote aanze na DaVinci Resolve. Toleo lisilolipiwa linatoa picha hadi 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde, bila nembo juu ya kazi yako. Anayetumia Linux ajue kwamba toleo hilo halisomi video zilizobanwa kwa mfumo wa H.264, nazo ndizo zinazotoka kwenye simu nyingi. Itabidi azigeuze kwanza kwa programu ya Shutter Encoder ziwe DNxHR, muundo wa video unaofaa kwa uhariri.

Simu ndiyo inayoleta kilio kikubwa. Kamera yake hairekodi kwa mwendo mmoja: mwanga ukififia au simu ikipata moto, idadi ya fremu kwa sekunde hupanda na kushuka, na si kila programu ya uhariri inayolimudu hilo. Mahojiano ya dakika 20 yanaanza vizuri, lakini kufika katikati midomo na sauti vimeshaachana. Kusogeza sauti hakusaidii, maana ukitengeneza hapa panaharibika pale. Dawa ni kulirekebisha faili kabla ya kuliingiza. Lifungue kwa MediaInfo, programu inayoonesha taarifa za faili, utazame mstari wa "Frame rate mode". Ukikuta "Variable", yaani mwendo unaobadilika, lipeleke HandBrake, programu ya kugeuza video, nenda sehemu ya Video, chagua "Constant Framerate" (mwendo mmoja), weka 25 au 30 kulingana na ulivyorekodi, na kipimo cha ubora, RF, kiwe 16 hadi 18. Namba hiyo ikipanda, ubora unashuka. Picha iliyokamuliwa mno inaweza kuonekana safi mwanzoni, ila ukianza kupanga rangi anga linatoa mistari, na hapo huna la kufanya.

Sauti za mvua, nyayo na milango zimejaa Freesound, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Jisajili ili upakue faili halisi, usije ukatumia ile sauti ya kuonjea. Kisha soma leseni ya kila sauti, moja moja; ni za Creative Commons, mfumo wa ruhusa ambazo mwenye kazi huzitoa kwa umma. CC0 ni ruhusa kamili. BY inataka umtaje mwenyewe, basi orodhesha majina siku ileile unayopakua. NC inakataza biashara, kwa hiyo filamu unayotarajia kuiuza isiiguse kabisa. Kwenye muziki kuna mtego mbaya zaidi, nao ni ND, inayokataza kuigeuza kazi. Mtu ameuweka wimbo wote bila kuukata popote, akadhani amesalimika. Leseni za Creative Commons zinahesabu kuoanisha muziki na picha zinazotembea kuwa ni kuugeuza muziki huo, na ND hairuhusu kazi iliyogeuzwa isambazwe. Wimbo wa SA nao utakulazimu uitoe filamu yako kwa leseni ya namna hiyohiyo.

Wapenzi wa filamu za zamani, na wanaotafuta picha za kuchomeka, waanzie Internet Archive, hasa mkusanyiko wa Prelinger: matangazo, mafunzo ya viwandani, filamu za shuleni, nyingi za Marekani. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, NFB, nayo imeweka maelfu ya filamu zake za kutazama bure, lakini kutazama bure hakukupi ruhusa ya kutumia. Hata Internet Archive, faili kuwepo pale si ushahidi kuwa ni mali ya umma, yaani kazi isiyobanwa na hakimiliki, maana mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kulipakia. Tafuta sababu yake. Night of the Living Dead ya 1968 ni mali ya umma Marekani kwa sababu jina lake lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki liliachwa. Sababu ya wazi namna hiyo ndiyo ya kuiandika kwenye daftari lako.

Tafsiri za chini ziandike kwa Subtitle Edit au Aegisub, uzihifadhi kama SRT, faili la maandishi lenye muda wa kila mstari, kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. Sekunde na sehemu zake zinatenganishwa na mkato, 00:01:12,500. Ukiweka nukta, programu nyingine zinaukataa mstari.

Tamasha likitaka DCP, yaani folda ya faili zinazooneshwa kwenye kumbi za sinema, tumia programu ya DCP-o-matic. Chagua umbo la picha, Flat ya 1998 kwa 1080 au Scope ya 2048 kwa 858, fremu 24. Filamu ya fremu 25 itapunguzwa mwendo kwa asilimia 4, pamoja na sauti yake. Kosa linalosikika ukumbini ni hili: ukipeleka stereo (sauti ya chaneli mbili, kushoto na kulia) kama ilivyo, spika ya kati inabaki kimya, na aliyekaa pembeni anasikia mazungumzo kutoka upande wake tu. Yaweke mazungumzo kwenye chaneli ya kati. DCP usiifunge kwa ufunguo kama hujaombwa, kwani kila ukumbi utahitaji ufunguo wake. Na usibadili jina la faili lolote ndani ya folda hiyo: ASSETMAP, faili la orodha lililomo humo, inaliita kila faili kwa jina, na seva ya ukumbi isipoliona inaikataa filamu.