Nusura ninunue gia boksi kwa ajili ya waya mmoja

Gari langu ni Toyota IST, otomatiki ya gia nne. Jioni moja nilikuwa natoka Muheza, nimeshapita Pongwe, taa ya injini ikawaka na gia zikaanza kuingia kwa kishindo. Nilipofika Kange, kila nikisimama na kuondoka gari ni zito utadhani limepakia mkonge.

Kesho yake fundi akachomeka mashine, ikatoa namba P0717, yaani komputa haipati taarifa ya sensa ya kasi inayoingia kwenye gia boksi. Akaliendesha kidogo, akashuka anatikisa kichwa. "Kaka, gia boksi imekwisha hii. Tafuta nyingine."

"Na hiyo sensa je?"

"Si unaona mshale wa spidi unapanda? Sensa nzima."

Nikanyamaza, maana hata mimi nilidhani sensa ya spidi ni moja tu. Nikaanza kuulizia bei za gia boksi za mtumba.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme, Ngamiani, mjini Tanga. Nilimpa shikamoo, nikamweleza, akacheka. "Mwanangu, mshale wa spidi unakwambia wewe. Hizi nyingine zinaiambia komputa."

Akatoa betri na boksi la filta ya hewa. Chini yake, juu ya mgongo wa gia boksi, kuna sensa mbili zinazofanana, kila moja imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Moja inahesabu mizunguko inayoingia kutoka toki konveta (kile kifaa cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi), nyingine inahesabu inayotoka kwenda kwenye magurudumu. Komputa inazilinganisha. Gia ya tatu kwenye gari hili ni moja kwa moja: zikiingia 2000, zitoke 2000. Zikiingia 2400 zikatoka 2000, kuna klachi inateleza. Mizunguko ya injini haiwezi kusaidia hapo, kwa sababu toki konveta nayo huteleza kabla haijajifunga. Sensa moja ikinyamaza, komputa inabadilisha gia kwa kubahatisha, ndiyo vile vishindo.

Nikamuuliza ataijuaje sensa ya mizunguko inayoingia bila kitabu. Akaziunganisha nyaya za betri kwa waya mirefu, betri ikiwa chini sakafuni, akaniambia niwashe injini na kuacha gia kwenye P, ile ya kuegesha. Ukiwa P magurudumu yametulia, ila shafti ya kuingiza inazunguka. Kwa hiyo sensa inayotoa umeme gari likiwa limesimama ndiyo yenyewe. Akachomoa soketi, akaweka tester (kipimo cha umeme) kwenye volti za AC, yaani umeme wa kupishana, moja kwa moja kwenye pini za sensa: namba zikacheza, na nilipokanyaga mafuta zikapanda. Hizi ni za waya mbili, koili na sumaku, hazihitaji kulishwa umeme. (Zipo za waya tatu zinazolishwa, hizo kipimo chake ni kingine.)

Akazima, akapima ukinzani: takriban omu 600. Akaichomoa kabisa nione. Ncha yake ilikuwa na unga mweusi wa chuma, laini kama wanja. Akaufuta kwa kitambaa, akapaka oili kwenye oringi, akairudisha. "Hii haina tatizo," akasema, na mimi moyo ukashuka. Basi ni gia boksi kweli.

Bado. Akahamia upande wa komputa, akapima waya zilezile kutokea kule. Hakuna kitu, zimekatika. Tukazifuata kwa vidole hadi chini ya trei ya betri. Betri yangu ilikuwa inavuja, na maji yake ya tindikali yalikuwa yamekula ganda la waya. Ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Niliivuta kidogo tu, ikabaki mkononi.

Alikata sehemu mbovu, akaunga kwa risasi, kisha akazisokota zile waya mbili pamoja na kuzirudishia ganda lake la kuzuia mawimbi. Kwa umeme mdogo namna ile, ukiziacha zikapita karibu na koili za plagi, komputa itasikia kelele badala ya hesabu.

Tukafuta ile namba, nikaenda hadi Pongwe na kurudi. Gia zinaingia bila hata kuzisikia. Betri nimebadilisha, trei nimeiosha kwa magadi, na waya sasa zinapita pembeni.