Nilivyoupanda Kilimanjaro Mara ya Pili

Mtu aliyekulia Mombasa, mji ambao kilima chake cha maana ni mteremko wa kushukia feri, akisikia habari za Kilimanjaro huogopa baridi kwanza. Nami niliogopa hiyohiyo. Kwa miezi mitatu nilipanda ngazi za ghorofa sita hapa Tudor kila alfajiri, nikanunua makoti ya mitumba Kongowea hadi mke wangu akaniuliza kama ninahamia Ulaya, nisijue kwamba hatari yenyewe haizuiwi na koti.

Mara ya kwanza, ili kupunguza gharama, niliiacha siku ya ziada ambayo wapandaji wa njia ya Marangu hukaa Horombo, kwenye mita 3,720, ili mwili uizoee hewa hafifu. Kichwa kilianza kuuma jioni ileile. Mwongozaji aliponiuliza, "Kaka, kichwa vipi?" nilimjibu, "Sina neno," kwa haya tu, kwani wapagazi, ambao huko huitwa wagumu, walikuwa wakinipita na mizigo kichwani huku wakipiga soga. Kesho yake, katika kituo cha Kibo, nilitapika, kisha nikashindwa kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Mwongozaji hakubishana nami, alinishusha usiku uleule, na tulipofika Horombo maumivu yalikuwa yamekwisha karibu yote. Dawa ya maradhi ya kimo ni kushuka. Anayeyaficha huweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, akafa. Haya zangu zilinigharimu ada nzima ya safari, na nilitoka kwa bei nafuu.

Mwaka uliofuata nilipita tena Voi, Taveta na mpaka wa Holili, safari hii nikiwa nimeilipia siku ile. Tulipanda kidogo, tukarudi kulala chini, na kila nilipoulizwa nilisema kweli, hata la kichefuchefu. Kutoka Kibo tuliondoka karibu saa sita za usiku, wakati changarawe ingali imegandishwa na baridi, kwa sababu mchana huporomoka chini ya kiatu. Chupa niliiweka kichwa chini mkobani, kwani maji huanza kuganda kwa juu, na mdomo ukiziba hunywi tena.

Jua lilichomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi tukiwa ukingoni mwa kreta. Nilivaa miwani upesi, maana mng'ao wa theluji huunguza macho, tukasogea polepole mpaka Uhuru, kilele cha juu kabisa, mita 5,895, ambako kila pumzi ina karibu nusu ya oksijeni niliyoizoea Tudor. Hapo nilivua glavu, nikachota theluji, nikaitia kinywani kama mtoto aliyenunuliwa barafu ya ukwaju. Haikuwa na ladha yoyote. Mwongozaji alinikemea, akanivisha glavu kwa mikono yake, na vidole vilikaa ganzi hadi tulipokaribia Kibo, nami nikicheka njia nzima.