CD ya 9Bach jikoni kwa Nain

Hii ilikuwa Desemba 2010, ile baridi iliyoigandisha Uingereza nzima, mi nasoma Bangor kaskazini mwa Wales na nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima sana, wajukuu zake wanamwita Nain, ndo bibi kwa Kiwelisi cha kule kaskazini, na mimi nikawa namwita hivyohivyo.

Jioni moja mjukuu wake kamletea CD, albamu ya kwanza ya bendi ya 9Bach, ilitoka 2009. Jina lenyewe tamu, 9 ukiitamka kwa Kiingereza unapata nain, na bach ni kadogo au kipenzi, yaani kama kusema kabibi kapenzi. Muimbaji Lisa Jên ni binti wa Gerlan, juu ya Bethesda, kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba, kama kilomita 8 tu toka tulipokuwa tunakaa, mpiga gitaa Martin Hoyland yeye katokea London. Nyimbo za kale za Kiwelisi lakini chini yake kuna besi nzito na drum, na yule dada anaimba taratibu, hana haraka na mtu.

Nain alikuwa anakanda unga, akatikisa kichwa, drum za nini jamani kwenye nyimbo hizi. Ila vidole vyake, vyeupe kwa unga, vilikuwa vinagonga meza vikifuata besi, niliviona kwa macho yangu. Mi niliipenda palepale na mpaka leo naipenda, maana hawakuzifanya zile nyimbo vyombo vya kabatini vya kusubiri wageni, wamezitoa watu wazilie chakula.

Baadaye akapunguza sauti ya CD akaniimbia mwenyewe wimbo wa kale wa Lisa Lân, kavu bila chombo, jinsi alivyofundishwa na nain wake. Jamaa anamwambia Lisa kukaa na wewe kuliishinda asali kwa utamu, halafu mwishoni anamuomba aje amsindikize akawekwe kwenye udongo mweusi. Akaniandikia maneno nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, ninayo mpaka leo, ina alama ya kidole cha unga.

Usiku nikampigia bibi yangu Tanga nikamsimulia wimbo wote.

"Sasa huyo Lisa alikwenda makaburini? Mwanamke?"

"Wimbo hausemi, bibi."

"Basi kamuulize huyo bibi yako wa huko, mjukuu wangu, usiniache hivi."

Asubuhi nikamuuliza. Nain akaweka birika chini, akasema baba yake alipozikwa walienda wanaume tu, ndo ilikuwa desturi enzi hizo, yeye na mama yake walibaki nyumbani wakikata mikate ya wageni, wanawasikia wanaume wakiimba barabarani mpaka sauti ikapotelea kilimani. Halafu akafuta mikono, akaenda kuirudisha CD mwanzo, safari hii akaongeza sauti.