Nilivyoizoea simfoni ya Kalinnikov

Ukizoea nyimbo zenye maneno, simfoni, yaani muziki mrefu wa okestra usio na maneno, inakuacha njiani. Mimi ilikuwa ikiniacha mapema tu: mara nawaza nauli, mara nashtukia watu wanapiga makofi. Kilichonisaidia ni kwaya. Naimba besi, na mazoezini tunafundishwa sauti mojamoja kwa sol-fa kabla ya kuunganisha. Basi nikaichukua simfoni namba 1 ya Vasily Kalinnikov, yenye sehemu nne, kwa mtindo huohuo.

Kalinnikov ni Mrusi aliyezaliwa 1866, hohehahe, aliyejikimu kwa kupiga basuni, chombo cha kupuliza chenye sauti nzito, na fidla kwenye okestra za maigizo. Kifua kikuu kilimpeleka Yalta, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, kufuata hewa ya joto, na simfoni hii aliimaliza 1895. Miaka miwili baadaye ikapigwa Kiev, watu wakaipenda. Yeye alifariki 1901, hajatimiza hata miaka 35.

Sehemu ya kwanza, mwanzoni vyombo vya nyuzi vinaimba sauti moja, kwa G maina (ngazi ya sauti yenye huzuni kidogo), bila kitu kingine chini yake. Wimbo ni mfupi. Niliurudia huo peke yake mpaka nikaweza kuuimba kwa kufumba mdomo huku naosha vyombo, ndipo nikaruhusu muziki uendelee. Baadaye selo (fidla kubwa ya sauti nzito) na honi (za shaba, za okestra) zinaleta wimbo wa pili, mtamu kuliko wa kwanza. Katikati sauti zinakimbizana: mmoja anaanza, mwenzake anadandia kabla hajamaliza. Mwimba kwaya hapo hapotei, kazi hiyo anaijua.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonikamata. Kinubi na fidla vinarudia noti mbili tu, polepole, hakuna kinachotokea. Unataka kusogeza mbele; usisogeze. Juu ya noti hizo inaingia cor anglais, chombo cha ukoo wa zumari, sauti yake ya puani kidogo, na wimbo wake hauna haraka ya kufika popote. Tafadhali vaa hedfoni. Kwenye spika ya simu kinubi kinamezwa chote, na bila kinubi sehemu hii haina sakafu.

Ya tatu ni ngoma ya kuchezeka, haihitaji maelezo.

Ya nne inafungua kwa wimbo uleule wa kwanza kabisa, na hapo nilijua mazoezi yamelipa, maana niliutambua kabla haujamaliza mstari. Kuelekea mwisho, wimbo wa zumari nao unarudi, safari hii kwa tarumbeta na trombone, kwa nguvu zote. Kwa masikio yangu hapo Kalinnikov ametia chumvi. Wimbo ule ulikuwa mzuri zaidi ukiwa mpole. Lakini ndugu zangu wa kwaya niliowasikilizisha wanapenda hapohapo, na tunabishana mpaka leo.

Sasa nimeanza namba 2 yake, ya A meja. Bado natafuta pa kuishikia.