Elektivu iliyonifanya nichague usingizi

Nilipoingia mwaka wa nne wa udaktari, ungeniuliza nataka ubingwa gani ningekujibu upasuaji. Wenzangu walitaja watoto, magonjwa ya ndani, magonjwa ya wanawake. Usingizi, yaani ubingwa wa kumlaza mgonjwa au kumtia ganzi asihisi maumivu ya upasuaji, hakuutaja mtu. Idara hiyo tulikuwa tumeipitia mbio mbio, tukisimama nyuma ya watu mpaka kitabu cha mafunzo kisainiwe.

Muda wa elektivu, yaani mafunzo ya vitendo ambayo mwanafunzi hujichagulia mwenyewe, ulipofika, wengi waliomba hospitali kubwa za Dar es Salaam. Mimi nilimwandikia mganga mfawidhi wa hospitali moja ya wilaya mkoani Morogoro, nikaambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, na nikaomba jambo moja bayana: nikae chumba cha upasuaji muda wote, nisizungushwe wadi. Ombi hilo lilinisaidia kuliko lolote. Ukizungushwa unaona mengi, ila hakuna anayekuzoea kiasi cha kukuachia kazi.

Daktari bingwa wa usingizi hakuwepo. Kazi yote ilikuwa mikononi mwa muuguzi aliyesomea fani hiyo, mama wa makamo aliyeheshimiwa na kila mtu pale. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanigeuza nisikione kioo cha mashine. "Dokta, leo sikiliza tu."

Mlio wa kipima oksijeni hushuka kadiri oksijeni ya damu inavyopungua. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nageuka mlio ukianza tu kuzama, namba sijaiona bado.

Halafu wakaja kina mama wa kujifungua kwa upasuaji. Baada ya sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, presha huweza kuporomoka ghafla. Tulikuwa tunakunja shuka na kuliweka chini ya nyonga ya kulia ili mama alale akiegemea kushoto, maana mfuko wa uzazi hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Siku moja mama mmoja alisema, "Dokta, nasikia kichefuchefu." Nikatazama presha: imeanguka. Nililisukuma shuka ndani zaidi, nikafungulia dripu, mwalimu wangu akachoma efedrini, dawa ya kupandisha presha. Presha ikapanda, na swali lililofuata la yule mama lilikuwa kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Nilikuwa nimekaa kichwani pake muda wote, nimemshika mkono. Hapo nilijua nataka kukaa upande huo wa meza.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza angalau mabingwa 5 kwa kila watu 100,000, na Tanzania bado tuko mbali sana na hapo. Darasani nilikuwa nimeisoma takwimu hiyo na kuipita. Pale wilayani ilikuwa na maana nyingine kabisa: mwalimu wangu akiugua, operesheni zisizo za dharura zilingoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilishauri wanafunzi wa afya wapelekwe vijijini ili wengi wao warudi kufanya kazi huko. Kwangu mimi ushauri huo ulifanya kazi barabara.

Baada ya utarajali, yaani mafunzo kazini baada ya kuhitimu, niliomba ubingwa wa usingizi, na ndio ninaousoma sasa. Kama elektivu yako inakaribia, chagua idara moja, kaa nayo, na uombe zamu za usiku. Usiku watu huwa wachache, na mwanafunzi hupewa kazi ya kweli.