Siku Tuliyokata Vizingiti vya MGB

Gari lililetwa gereji juu ya trela, jekundu, limeng'aa, kromu zake zote zipo. Ilikuwa MGB ya 1967, gari dogo la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, ile ya wazi yenye hudi ya turubai, na mwenyewe alikuwa ameirithi kwa baba yake. Wakati huo nilikuwa fundi wa bodi huko Oxfordshire, Uingereza, si mbali na Abingdon, mji ambako MGB ziliundwa tangu 1962 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1980.

Mzee mwenye gereji hakuitazama rangi. Alinipa sumaku, akaniambia nianze mlangoni. Juu ilinata vizuri. Nikaishusha taratibu, na nilipofika kwenye kizingiti, ile boriti ya bati iliyo chini ya mlango, ikaachia, ikaanguka sakafuni. Puti tupu, ule udongo wa kuzibia bodi usioshika sumaku! Tulipoibandua tulikuta imepigwa unene wa kidole juu ya wavu wa waya, na nyuma ya wavu bati limeoza, linamung'unyika mkononi kama chapati ya juzi.

MGB haina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu yake iko kwenye vizingiti. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huingia humo ikala bati kutoka ndani, huku nje rangi inapendeza. Ndivyo zilivyokufa nyingi. Ziliundwa zaidi ya laki tano, kwa hiyo nani angehangaika kuchomelea gari la bei rahisi? Lakini Aston Martin DB4 GT Zagato, gari za kifahari za mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilikuwa 19 tu, na hakuna aliye tayari kuona hata moja ikiozea uani. Mimi huumia zaidi kwa haya ya watu wa kawaida, maana huenda skrepa bila mtu kuuliza.

Mwenyewe aliuliza kama anunue bodi mpya. Ilikuwa inawezekana: tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage wanatengeneza bodi za MGB kwa kalibu zile zile za zamani, jambo ambalo naamini limeokoa MGB nyingi kuliko sifa zake zote za mbio. Lakini mzee alizunguka gari, akagonga sakafu, akagonga fenda, akasema, "Hii bado ina uhai. Tuokoe iliyopo."

Kabla ya kukata tulichomelea vyuma vya kuzuia kwenye nafasi za milango, maana ukitoa kizingiti bila kufanya hivyo, gari hujipinda katikati na mlango haufungi tena. Kisha tukajenga upya upande mmoja mmoja, bati la ndani kwanza, la nje mwisho, tukijaribu mlango kila hatua.

Siku ya kukabidhi nilimwonyesha mwenyewe matundu ya kutolea maji chini ya vizingiti, nikamwomba ayazibue kila mara, na asiitoe nje barabara zikiwa na chumvi.